Stoo iwe banda la kuku kabla ya masika

Kwetu Kakuyuni, pwani, hakuna theluji. Baridi ya kuku huku ni mvua za masika na upepo wa kusi. Ukuta wa kusini ukandike udongo mpaka karibu na paa. Wa kaskazini ukate dirisha pana lenye waya, ili Desemba kaskazi ipoze banda. Pengo la chini ya paa usilizibe kamwe, hata usiku wa baridi: unyevu na hewa kali ya kinyesi huumiza mapafu ya kuku kuliko baridi yenyewe. Tandaza maranda makavu. Yakilowa, yatoe siku hiyohiyo. Makuti yanayovuja yaezeke upya Machi. Vifaranga wa wiki ya kwanza wanataka joto la nyuzi 32 hadi 35. Chanjo ya kideri usiicheleweshe.