MTI UNAOPENDA JUA

Yanonge ni mji mdogo kando ya mto Kongo, chini ya Kisangani. Watu wake huvua samaki, hulima mihogo na mpunga, na huchoma makala ya kuuza Kisangani. Nyuma ya mashamba kuna msitu mkubwa. Katika msitu wa nchi hii huota mti mmoja wa thamani sana, nao ni afromosia.

Afromosia ni mti mrefu. Huweza kufika metre 40. Ubao wake ni mgumu, wala hauozi upesi. Watu hufanyiza mashua, milango na viti. Kwa sababu hiyo umekatwa sana. Mwaka 1992 mataifa yalipatana kwamba ubao wake usivuke mipaka pasipo hati ya serikali.

Lakini shoka si adui yake pekee. Tazameni chini ya afromosia kubwa msituni. Mbegu zake ni nyepesi. Upepo huzichukua pamoja na maganda yake. Huota, lakini miche hufa. Kwa nini? Kwa sababu ya giza. Mche wa afromosia hauwezi kukua kivulini, wataka jua.

Basi, miti mikubwa ya leo ilipataje kukua? Huko Kameruni, wataalamu walichimba chini ya afromosia, wakakuta makala ya kale na vigae vya vyungu. Maana yake, zamani watu walikaa pale. Walikata miti, wakachoma, wakalima, kisha wakahama. Jua likafika chini, na mbegu zikapata nafasi.

Mbali sana, kusini mwa Marekani, uko msitu wa misonobari ambao nao hufunguliwa kwa moto. Mbegu zake zataka udongo mtupu, na mche wake hustahimili moto mdogo upitao katika majani. Watu walikata miti mikubwa, tena wakazima kila moto. Msitu ukapungua, hata ikabaki chini ya sehemu 5 kwa 100. Sasa watunzaji huwasha moto mdogo siku waliyoichagua, na kupanda miche.

Je, watu wa Yanonge wachome msitu wao? Hasha! Afromosia si msonobari. Yataka jua, si moto unaorudi kila mara. Zamani shamba lililoachwa lilipumzika miaka mingi. Leo watu ni wengi, na shamba huchomwa tena kabla miche haijakomaa. Mti mama nao hukatwa. Moto uliofungua njia zamani, leo waifunga.

Mlimaji mwenye akili hufanya hivi:

1. Huacha mti mama umesimama karibu na shamba, utoe mbegu.
2. Kabla ya kuchoma shamba, hufyeka na kufagia njia pana kulizunguka, moto usivuke. Siku ya upepo hachomi.
3. Akipalilia mihogo, haung'oi mche wa afromosia. Huuwekea kijiti, apate kuujua.
4. Hupanda miche katika mashamba ya kale. Kwa makala hupanda miti inayokua upesi.

Kazi hii si ngeni. Ng'ambo ya mto, huko Yangambi, mabwana miti wa INEAC, chama cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1933, walipanda afromosia mahali palipofunguliwa jua. Kuanzia mwaka 2017, mradi uliolipiwa na Umoja wa Ulaya uliwasaidia walimaji wa nchi ile kupanda miti ya kuni na ya mbao.

Afromosia hukua polepole. Anayeipanda leo pengine hataikata yeye. Ataikata mjukuu wake. Lakini Mungu hakumpa mtu nchi ailime tu. Alimpa pia aitunze, kwa ajili ya watakaokuja. Akiba haiozi.

MASWALI

1. Kwa nini miche ya afromosia hufa chini ya miti mikubwa?
2. Makala na vigae vilivyokutwa Kameruni vinatufundisha nini?
3. Msonobari na afromosia hufanana kwa nini? Huachana kwa nini?
4. Nyumbani kwenu, ni nani akumbukaye mahali ambapo afromosia zilisimama? Umwulize.