Mikate ya ndizi isiyo na ngano

Watoto, mkate wa ngano hauwafai watu wote. Unga wa ngano una kitu kinachonata. Ndicho kinachouwezesha mkate kuvimba, lakini wako watu ambao huwaumiza tumbo na kuwakondesha. Mwaka 1950 mganga Willem Dicke wa Uholanzi aliandika kwamba ngano ndiyo inayowadhuru. Basi, mtoto wa namna hiyo ale nini? Hapa Mitwaba muhogo uko, na ndizi ziko.

Muhogo mchungu una sumu. Uloweke majini siku tatu au nne mpaka ulainike, uumenye, uuanike juani hata ukauke, ndipo uutwange. Usipunguze siku kwa sababu ya njaa! Watu waliokula muhogo usiolowekwa vema, majuma mengi mfululizo, wamepooza miguu.

Chekeche iliyotumika kwa ngano ioshwe kwanza. Ponda ndizi tatu zilizoiva sana. Ndizo zitakazoshikanisha unga. Tia yai, chumvi kidogo, na kikombe kimoja cha unga wa muhogo. Paka mafuta mikebe midogo, uijaze nusu, uipange ndani ya sufuria juu ya mchanga mkavu. Weka makala chini, na mengine juu ya kifuniko. Baada ya nusu saa hivi choma mkate kwa kijiti safi. Kikitoka kikavu, umeiva. Mikate hii haivimbi sana, tena ni mizito. Lakini ikiliwa ingali moto ni mitamu kweli.