Mionzi Inavyoua Kirusi Maabara, na Somo Lake kwa Chanjo Yako

Swali la leo: "Afisa, nasikia kuna chanjo zinapigwa mionzi. Kuku wangu si watabaki na mionzi?" Jibu ni hapana. Sababu ndiyo hii.

Mionzi inafanya nini?
Kirusi kina ganda la protini nje, na ndani kina maelekezo ya kuzaliana. Mionzi ya gama kutoka kobalti-60 hupenya hadi ndani ya chupa iliyofungwa na kukatakata maelekezo hayo. Ganda likibaki zima, mwili wa kuku bado unalitambua na kujenga kinga, ila kirusi hakizaliani tena. Na gama ni kama mwanga wa tochi: ukiiondoa tochi, ukuta haubaki uking'aa.

Dozi ni kubwa
Kirusi ni kidogo mno, kukipata si rahisi. Mfano ni serumu ya ndama, ambayo maabara hutumia kukuzia seli. Inaweza kuja na virusi vya ng'ombe, hivyo hupigwa grei 25,000 au zaidi. Binadamu akipigwa grei 5 tu mwili mzima anaweza kufa.

Mara nyingi sampuli hugandishwa kwanza. Kwenye maji, mionzi huzalisha kemikali kali zinazoharibu ganda; kwenye barafu hazisambai kirahisi. Baadaye sampuli hupandwa kwenye seli hai au mayai yenye kiinitete, kuhakikisha hakuna kirusi kilichopona.

Sokoni je?
Chanjo nyingi zilizouawa huuawa kwa kemikali kama formalini. Njia ya mionzi iko zaidi kwenye utafiti, mfano maabara ya FAO na IAEA huko Seibersdorf, Austria.

Wewe ufanye nini?
- Soma lebo: chanjo ni hai au imeuawa?
- Chanjo hai, kama I-2 ya mdondo (kideri), inategemea kirusi kizima. Jua nalo lina mionzi, ile ya urujuanimno, na inaua kirusi. Changanyia na chanjia kivulini.
- Iliyouawa itunze kwenye baridi, lakini usiigandishe.

Ukiacha chupa ya chanjo hai juani, umefanya kazi ya maabara bila kujua. Utadondoshea kuku matone, utaandika tarehe kwenye daftari, na mdondo ukija utawafagia wote.