SOMO LA ROBO HII: UNGA WA MLONGE NA KIPIMO CHA MAABARA



Vikundi vingi hupanda mlonge na kuuza unga wa majani yake. Mnunuzi huuliza: "Je, unatibu?" Kabla ya kumjibu, tujifunze wataalamu hupima nini.

1. Kulinda seli. Mwilini huzalishwa chembe kali zinazoharibu seli. Maabara huchukua kemikali ya zambarau iitwayo DPPH na kuitia maji ya mmea. Rangi ikififia kuelekea njano, mmea unaweza kutuliza chembe hizo. Matokeo hulinganishwa na vitamini C. Majani ya mlonge hufanya vizuri hapa, lakini hayo ni ya ndani ya chupa, si mwilini.

2. Kupunguza uvimbe. Panya hupewa dawa ya mmea, kisha hudungwa unyayoni karajinani, itokanayo na mwani mwekundu, jamii ya ule unaolimwa Zanzibar. Uvimbe hupimwa kila saa. Kundi la pili hupewa maji tu, na la tatu dawa ya hospitali kama indomethasini. Pasipo makundi hayo ya kulinganisha, hatujui kilichopunguza uvimbe ni nini. Na panya si binadamu.

3. Maandalizi. Wazee huchemsha kwa maji; maabara mara nyingi hutumia spiriti, ambayo hutoa vitu tofauti. Tu Youyou wa China, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015, alifanikiwa kupata dawa ya malaria katika mmea wa artemisia alipoacha joto kali.

4. Usalama. Mizizi ya mlonge ina sumu. Wajawazito wasitumie mizizi wala magome. Anayetumia dawa za kisukari amwambie daktari wake kabla ya kutumia unga, kwa maana majani yanaweza kushusha sukari.

Basi jibu letu ni hili: unga wa mlonge ni chakula chenye lishe. Tusiandike "dawa" kwenye pakiti. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza lake ndilo la kuulizwa kwanza. Mgonjwa akiacha vidonge vyake vya shinikizo la damu kwa sababu ya maneno yetu, fedha ya mauzo haitalipa deni hilo.

Maswali ya kujadili:
(a) Pakiti zetu zimeandikwa nini?
(b) Nani kati yetu huwaeleza wanunuzi kuhusu mizizi?
(c) Wazee wetu huandaaje mlonge, na nani ameandika maelezo yao?