Halima Wawili, Faili Moja

Tuseme kuna mwanamke, tumwite Halima Juma. Alichomwa penisilini Kisumu, akavimba uso, daktari akaandika: ana mzio. Miaka mitatu baadaye anaugua akiwa Malindi. Faili liko kabatini Kisumu, naye anakumbuka tu kwamba kuna sindano iliyomkataa.

Sheria ya Afya ya Kidijitali ya Kenya, ya mwaka 2023, inataka kumbukumbu za wagonjwa ziunganishwe katika mfumo mmoja wa taifa. Wengi hudhani kazi ni kulisafirisha faili. Hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilikuwa na kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta tangu 2001. Kigumu ni hiki: Malindi ikiuliza habari za Halima Juma, Kisumu itajuaje ni Halima yupi?

Tupige hesabu. Chukua watu 1,000,000. Jinsia inawagawa mara 2, tarehe na mwezi wa kuzaliwa mara 365. Ukizidisha unapata 730, yaani watu kama 1,370 wanabaki wamefanana. Ongeza mwaka wa kuzaliwa, tukikadiria miaka 60, wanabaki ishirini na ushei. Jina litawatenganisha iwapo ni adimu. Halima si adimu Pwani. Isitoshe, wazee wengi waliandikiwa tarehe 1 Januari kwa kuwa siku yao haikuwekwa popote. Kwao ile 365 haifanyi kazi yoyote.

Kosa la kumtambua mgonjwa ni la aina mbili. Mtu mmoja akipewa mafaili mawili, daktari anaona pengo na kuuliza. Watu wawili wakiunganishwa katika faili moja, daktari anasoma kundi la damu la mwingine huku ametulia kabisa. Mimi naogopa hili la pili.

Ndiyo maana Estonia, iliyozindua mfumo wake wa taifa mwaka 2008, inategemea namba ya mtu yenye tarakimu 11. Ya mwisho hukokotolewa kutokana na zile 10, hivyo karani akikosea moja, kwa kawaida kompyuta huikataa namba nzima.

Sasa wafikirie mapacha wa kike waliozaliwa leo alfajiri, bado hawana namba wala majina. Jinsia moja, siku moja, mama mmoja. Hesabu yetu yote imelala, na kinachowatofautisha ni utepe aliowafunga muuguzi mkononi.