Ndege masaa 11, mzigo siku 12: hesabu ya Guangzhou hadi Dar

Wapambanaji wenzangu, tuongee ukweli. Wengi wetu tukisikia "mzigo wa ndege" tunamjibu mteja fasta: siku tatu tu dada. Mimi nilimjibu hivyo mteja aliyetaka mikoba sita ya rangi moja kwa sendofu ya mdogo wake. Mzigo ukafika siku ya 12, sherehe imepita siku nne. Nikarudisha 180,000 yake yote.

Sikudanganya makusudi. Nilihesabu ndege, nikasahau mzigo.

Tuanze na ndege. Kutoka uwanja wa Baiyun, Guangzhou, hadi Julius Nyerere hapa Dar, kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 8,700. Ndege kubwa ikishatulia juu inakimbia karibu kilomita 900 kwa saa. Gawanya, unapata masaa tisa na dakika arobaini hivi. Weka muda wa kupaa na kushuka, weka na upepo wa kule juu ambao mara nyingi unatoka magharibi, yaani ndege ya kuja kwetu inapambana nao. Inafika kama masaa 11.

Ikipitia Dubai je? Guangzhou hadi Dubai ni kama 5,800, Dubai hadi Dar karibu 4,000. Umeongeza kilomita 1,100 hivi, ambazo kwa ndege ni saa moja na kidogo. Kinachokula muda ni mzigo kushushwa pale na kusubiri nafasi kwenye ndege nyingine.

Afu kuna saa zenyewe. China wako mbele yetu masaa matano. Ukilipa saa kumi jioni, kwao ni saa tatu usiku, muuzaji kashafunga. Ukilipa Ijumaa jioni ndo kabisa.

Mzigo wangu nilikuja kuufuatilia kwa wakala hatua kwa hatua. Siku tatu muuzaji kuufikisha ghalani. Siku nne umekaa ghalani ukisubiri mizigo ya watu wengine ijae. Siku moja uwanjani na angani. Siku nne Dar: forodha, kupangwa, mimi kupigiwa simu. Kwa hiyo ndani ya siku 12, angani haikufika hata nusu siku! Na ndiyo nusu siku pekee niliyoihesabu.

Siku hizi muulize wakala wako swali hili: ndege yenu inaondoka siku gani, na mwisho wa kupokea mzigo ghalani ni lini? Ukikosa siku hiyo unasubiri safari inayofuata.

Kwenye picha zangu sasa naandika siku 10 hadi 16 tangu malipo. Mwaka mpya wa Kichina, mwishoni mwa Januari au Februari, viwanda vinafungwa, sipokei oda ya sherehe kabisa. Mwenye haraka namtumia picha za vilivyopo dukani.

Ile mikoba sita bado ipo, maruni, 25,000 mmoja. Njoo inboksi.