SOMO LETU: MKONO AU KIPIMAJOTO?



Katika viwanda vya maziwa vya Mbarara hakuna atiaye mkono ndani ya tangi na kusema, "Yamepoa." Husomwa kipimo. Mbona basi mtoto mchanga tunampima kwa mkono tu? Ndugu zetu wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyoanzishwa mwaka 1958, wanajua kwamba hospitali ya rufaa iko mbali, Mbarara mjini. Aliye mbali na daktari lazima ajue hatari mapema.

Tulinganishe njia nne:

1. Mkono. Gusa tumbo na nyayo. Vyote vikiwa na joto, vizuri. Tumbo lina joto na nyayo ni baridi: mtoto ameanza kupoa. Vyote baridi: hatari. Lakini mkono wenye sugu, au uliotoka majini, hudanganya.

2. Kwapani. Ndiyo njia ifaayo nyumbani. Kausha kwapa, weka ncha katikati, bana mkono wa mtoto ubavuni mpaka kipimajoto cha betri kilie. Joto la kawaida ni nyuzi 36.5 hadi 37.5.

3. Njia ya haja kubwa. Huonyesha vizuri joto la ndani, lakini yaweza kumjeruhi mtoto. Tuwaachie wauguzi.

4. Paji la uso. Kipimo cha kuelekeza ni cha haraka, ila jasho, jua na upepo hukipotosha. Ukiwa na shaka, rudia kwapani.

Sasa shikeni jambo kubwa. Wengi wetu hungoja mtoto awe moto. Mtoto mchanga mgonjwa huweza kuwa baridi! Likizidi 37.5, au likishuka chini ya 35.5, usingoje asubuhi. Mpeleke kituo cha afya. Likiwa kati ya 35.5 na 36.5, mweke kifuani, ngozi kwa ngozi, mfunike, kisha pima tena baada ya saa moja. Lisipopanda, nenda. Na asiyenyonya apelekwe, hata kipimo kikiwa kizuri.

Akina baba, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 imetupa siku 4 za kazi za likizo ya uzazi, kwa mshahara. Tuzitumie kujifunza kupima.

Maswali ya kujadiliana tawini:
1. Kwa nini mtoto baridi ni hatari kama mtoto moto?
2. Majirani wangapi wanaweza kuchanga wanunue kipimajoto kimoja, na nani atakitunza na kukisafisha?